Jipu Lililokohoa Njia ya Terrat

Vijana wangu, juzi nilipita kwenye gereji moja kule Sombetini nikawakuta wanne wenu mmeinamia injini moja. Ilikuwa inamisi, yaani inaruka mapigo. Wa kwanza alisema plagi, wa pili alisema koili, wa tatu hakusema kitu maana alikuwa ameshaanza kufungua. Mliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikaenda zangu kununua mkaa. Lakini nimelala na jambo lile, na leo nimeamua kuwaandikia. Sina haki ya kuwacheka. Katika mji huu wote, mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kufungua kabla ya kusikiliza.

Nilijifunza kazi wakati wa Mwingereza, katika gereji ya Fundi Pritam, karibu na soko. Alikuwa Kalasinga mnene, mpole, mwenye kilemba cha rangi ya kahawia ambacho hakikuwahi kuingia oili hata tone, na mpaka leo sijui alifanyaje. Mimi nilikuwa nimeteremka kutoka migombani huko mlimani Meru. Baba alitaka nibaki kwenye kahawa, mimi nikataka vyuma. Nilikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Gari likiingia getini tu, kabla halijazimwa, nilikuwa nimeshalitajia ugonjwa.

Fundi Pritam alinifundisha kuanza na masikio. Silinda moja ikifa, injini inachechemea kwa mpangilio, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja: pu-pu-pu halafu pengo, pu-pu-pu halafu pengo. Hapo unachukua bisibisi yenye mpini wa mbao, unagusisha kichwa cha plagi na chuma cha injini, plagi moja baada ya nyingine. Ukigusa plagi nzima, injini inazidi kudhoofika. Ukigusa iliyokufa, injini haina habari. Mgonjwa umempata. Na huo mpini uwe wa mbao kweli. Mara yangu ya kwanza nilitumia bisibisi ya chuma mwanzo hadi mwisho, nikarushwa na umeme, nikakalia beseni la oili chafu. Fundi Pritam aliniangalia pale chini akasema, “Basi tumejua plagi hiyo ni nzima.”

Lakini injini ikikohoa ovyo, mara hapa mara pale, ikapiga chafya kwenye kabureta na kuishiwa nguvu, usihangaike na plagi moja. Hiyo inalilia petroli, au inalilia upepo. Hayo niliyajua. Ningeweza kuyasema yote bila kukosea, kama katekisimu ya kipaimara. Shida ni kwamba ukisimama porini mbele ya gari lililozima, katekisimu yote inaruka.

Gari lililonifundisha lilikuwa jipu la Bwana Mifugo. Bwana Mifugo alikuwa daktari wa ng'ombe, Mzungu mrefu, na jipu lake lilikuwa mabaki ya vita, lenye usukani kushoto na matundu ya kutu sakafuni ambamo ungeweza kuona barabara ikipita chini yako. Jina la jipu tulilipata kwao, lakini sisi tulilielewa kwa lugha yetu: kitu kinachovimba, kinachouma, na kisichopona kwa haraka. Magurudumu yote manne yalivuta, na hiyo ndiyo sababu alikataa kuliacha. Alikwenda nalo kwenye mawingu ya Meru asubuhi na kwenye vumbi la Terrat jioni.

Gari la namna hiyo halitunzwi kwa spana peke yake. Likirudi kutoka mlimani, kifuniko cha distributa, ile inayogawia plagi moto, kilikuwa kimelowa jasho la ukungu ndani. Nilikifuta kwa kitambaa kikavu, nikakianika jikoni mbali na moto, na siku ya pili lilishtuka, likawaka mara moja. Kabla ya kuvuka mto, dereva alitakiwa kuvua mkanda wa feni, maana feni ndiyo inayochota maji na kuyamwaga kwenye plagi. Kila Jumamosi nililala chini yake na grisi. Chujio la petroli, kile kikombe cha kioo kilichokaa kwenye pampu, nililifungua na kulisafisha kila wiki. Nasema haya mjue kwamba sikuwa mzembe. Kosa nililolifanya nililifanya kwa bidii.

Dereva wa jipu alikuwa Zakayo, mtu wa Daraja Mbili, mchangamfu, mwenye kaptula za kaki zilizopigwa pasi mpaka zikasimama. Yeye na mimi tulikuwa marafiki.

Mwaka mmoja, mvua zilipokwisha, jipu likapata ugonjwa mpya. Lilitoka mjini likiimba. Baada ya maili sita au saba likaanza kukohoa, kupiga chafya, kupoteza nguvu, kisha likazima. Zakayo akisimama kando ya barabara, akavuta sigara yake, akaizima, akachovya kijiti kwenye tangi kuona kama petroli ipo, lilishtuka likaenda kama halijawahi kuugua. Akarudi gereji akanisimulia.

“Plagi,” nikamwambia. Nikabadilisha zote nne. Nikalizungusha sokoni na kurudi, safi kabisa. Nikajisifu.

Wiki iliyofuata likazima tena. Nikasema kondensa. Nikaweka mpya, nikalizungusha sokoni, safi. Mara ya tatu nikapiga platini msasa, nikaona haitoshi, nikaweka nyingine. Mara ya nne nikabadilisha koili, na vyote hivyo ni vya kupeleka moto kwenye plagi. Kila mara lilipona, kila mara nilijipongeza, na kila mara Fundi Pritam alinitazama kutoka kwenye kiti chake, akaniuliza neno moja tu.

“Uhakika?”

“Uhakika, Fundi.”

Ndipo ikaja siku ya chanjo.

Sotoka ilikuwa imesikika kwenye mifugo upande wa kusini. Nyinyi sotoka mnaisikia tu kwenye hadithi. Ng'ombe anatokwa machozi, anaharisha, anaanguka, na boma zima linafuata. Bwana Mifugo alikuwa ametangulia Terrat siku moja kabla kwa lori, akapiga hema, akatuma habari kwa wafugaji wote: leteni ng'ombe kesho alfajiri. Dawa yenyewe ilikuwa mjini, na haikuvumilia joto. Zakayo alitakiwa kuipeleka ikiwa ndani ya sanduku la barafu lililofunikwa kwa maranda. Na kwa sababu jipu lilikuwa na historia, Fundi Pritam akaniambia, “Lazaro, panda na wewe. Umelitibu mara nne. Lisindikize.”

Tuliondoka jua likichomoza, tangi tumelijaza pomoni, nami nimekaa kifua mbele. Hatukufika hata maili nne. Likakohoa. Likapiga chafya. Likazima.

“Limewahi leo,” Zakayo akasema.

Nikashuka. Safari hii sikuwa na kitu kipya cha kubadilisha, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nikalazimika kuangalia. Nikainama kwenye pampu, nikaona kile kikombe cha kioo kina petroli robo tu. Miezi miwili nilikuwa natibu moto wa plagi, na mgonjwa alikuwa na njaa.

“Bomba limeziba,” nikamwambia Zakayo. Nikalichomoa kwenye pampu, nikaweka mdomo, nikapuliza kuelekea kwenye tangi. Nikasikia mapovu yakichemka chini ya kiti cha dereva. Nikarudisha bomba, nikatema mate yenye ladha mnayoijua, Zakayo akapiga stata. Likanguruma. Nikapanda kwa fahari.

Tukaenda maili mbili, likazima.

Pale lilipozimia alikuwa amesimama mama mmoja wa Kiarusha, wa umri wa mama yangu, mrefu, shuka limefungwa begani, kibuyu cha maziwa mkononi. Tulimwamkia. Aliitwa Yeyo Namelok, na yeyo kwa Kimaa ni mama. Ng'ombe wake kumi na mmoja walikuwa wametangulia na mwanawe tangu usiku, naye alikuwa anawafuata kwa miguu.

“Nyinyi ndio mmebeba dawa?” akauliza.

“Ndiyo, Yeyo,” Zakayo akajibu.

“Na mmekaa hapa mnafanya nini?”

Nikapuliza bomba tena, likashtuka, tukampakia nyuma karibu na sanduku. Maili moja na nusu, likazima. Jua lilikuwa limeshapanda. Maji ya barafu yalikuwa yanadondoka kwenye matundu ya sakafu, tone kwa tone, yakiacha alama kwenye vumbi.

Yeyo Namelok akaweka kiganja juu ya sanduku. “Wale wanaume hawatangoja,” akasema. “Ng'ombe hawajanywa maji tangu jana. Jua likifika utosini watawapeleka kisimani, na wakishatawanyika hamtawakusanya tena mwezi huu.” Akaacha kiganja palepale. “Mimi nilikuwa msichana sotoka ilipoingia kwa baba yangu. Walikwisha wote. Baba alikaa mlangoni pa zizi siku tatu, hakutaka kuingia ndani na hakutaka kuondoka.”

Hakulia aliposema hayo, wala hakupandisha sauti. Nikarudi kwenye bomba. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote mpaka nikaona nyota mchana.

Yeye akashuka, akaja kusimama karibu yangu, akanitazama.

“Kijana, unafanya nini hapo?”

“Natoa uchafu, Yeyo. Bomba limeziba.”

“Uchafu uko wapi?”

“Unarudi kwenye tangi.”

“Mara ya kwanza ulipuliza, likaenda. Mara ya pili ukapuliza, likaenda. Uchafu gani unaotoka halafu unarudi mahali pale pale kila mara?”

Zakayo akakohoa kidogo, akageukia upande wa pili. Nilitaka kumweleza Yeyo kwamba mambo ya injini yana elimu yake.

Akachukua kibuyu chake. “Tazama.” Akakiinamisha ghafla juu ya kifuniko chake kipana, na maziwa yakatoka kwa kukwama, glu, yakasita, glu, yakasita. “Mdomo ni mwembamba, maziwa yamejaa, upepo hauna pa kuingilia. Sasa tazama.” Akakiinamisha polepole, akiacha nafasi juu ya maziwa, yakatiririka bila kukatika. “Mimi sijui chombo chako. Lakini wewe hutoi uchafu. Unaingiza upepo. Upepo ukiisha, linakufa.”

Nilisimama na bomba mkononi. Kisha nikamwambia Zakayo, “Inua kiti.”

Tangi la jipu lile lilikuwa chini ya kiti cha dereva. Nikashika kifuniko, kikawa kigumu kama kimeshonwa. Nilipokizungusha kwa nguvu, tangi likavuta pumzi. Naam, lilivuta pumzi ndefu, sote watatu tukaisikia, fyuuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Nikakigeuza kile kifuniko. Katikati yake palikuwa na doa la risasi ya kulehemu, safi, duara, linang'aa. Kazi nzuri sana. Kazi yangu.

Hapo ndipo kila kitu kilipojipanga kichwani. Miezi miwili nyuma, Zakayo alikuja gereji akilalamika kwamba petroli inamrukia kwenye kaptula gari likipita kwenye mashimo, na mkewe anamwambia ananuka kama taa. Nilikagua kifuniko, nikaona kina kitundu kidogo. Nikadhani ni kutu. Nikakiziba kwa risasi, nikakipiga msasa kikapendeza. Kitundu kile ndicho kilichokuwa pua ya tangi. Petroli ikitoka, upepo uingie kuchukua nafasi yake. Mimi nilikuwa nimeliziba gari pua, kisha nikakaa miezi miwili nikilitia dawa ya macho. Kila Zakayo alipofungua kuchovya kijiti, alilipatia pumzi, nami nikajisifia kondensa. Siku hiyo hatukuchovya kwa sababu tulijua limejaa, na kwa sababu limejaa, nafasi ya upepo ilikuwa ndogo, ndiyo maana lilizima mapema.

“Zakayo,” nikasema, “ni kaptula yako.”

“Kaptula yangu imefanya nini?”

Sikupoteza muda kumweleza. Kwenye ubao wa sanduku la dawa nikang'oa msumari mmoja, nikaweka kifuniko juu ya jiwe mbali na gari, nikatoboa palepale nilipoziba, nikapuliza vumbi, nikakifunga, nikarudisha bomba kwenye pampu. Yeyo Namelok akapanda, safari hii mbele, karibu na dereva, bila kuulizwa. Mimi nikakaa nyuma na sanduku.

Jipu halikukohoa tena. Zakayo alilikanyaga mpaka mabati yake yakalia.

Tulipofika, kundi la kwanza lilikuwa limeshageuzwa kuelekea kisimani. Yeyo Namelok alisimama garini likiwa bado linatembea, akashika fremu ya kioo, akapaza sauti kwa Kimaa. Sikuelewa neno hata moja, ila wale wanaume walielewa. Ng'ombe wakageuzwa. Bwana Mifugo alifungua sanduku akatia mkono kwenye maranda. Barafu iliyobaki ilikuwa ya ukubwa wa ngumi. Akazishika chupa za dawa moja moja, akaziweka shavuni.

“Baridi bado,” akasema. “Tuanze.”

Tulichanja mpaka vivuli vikawa virefu. Mimi nilishika pembe, kazi ambayo haimo katika ufundi wa magari, nikakanyagwa mguu mara mbili. Ng'ombe wa Yeyo Namelok walipopita, aliwagusa mgongoni mmoja mmoja akiwataja kwa majina, na alipofika wa kumi na mmoja akaenda kukaa peke yake kivulini kwa muda. Hakuna aliyemfuata.

Jioni Bwana Mifugo alituita. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu.

“Kwa nini mlichelewa?”

Zakayo akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa tayari kusema petroli chafu. Petroli haina mdomo wa kujitetea, na ninyi mnajua ni mafundi wangapi wameokolewa na petroli chafu. Lakini Yeyo Namelok alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, anafunga kibuyu chake, na masikio yake yalikuwa kwetu.

“Mimi niliziba tundu la kifuniko cha tangi, Bwana,” nikasema. “Gari lilikuwa halivuti upepo.”

“Lini?”

“Miezi miwili iliyopita.”

Akafikiri. “Na zile plagi?”

“Zilikuwa nzima, Bwana.”

“Na kondensa? Na koili?”

“Nazo, Bwana. Gari lilikuwa linapona kwa kupumzika.”

Alivua kofia, akajifuta jasho, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakaa juu ya lile sanduku tupu. Kisha akasema nisiliguse jipu lake tena kabla ya kukaa nalo dakika kumi bila spana mkononi. Sharti hilo nililishika mpaka nilipostaafu, na magari mengi yaliponea humo humo ndani ya zile dakika kumi.

Fundi Pritam hakucheka. Nilipomaliza kumweleza, aliinuka, akaenda kwenye rafu, akashusha mkebe nilimokuwa natupia vilivyokufa. Akavipanga mezani: plagi nne, kondensa, platini, koili.

“Hawa wote uliwazika wewe,” akasema. “Wafufue.”

Nikavipima kimoja kimoja. Vyote vilikuwa hai. Ile kondensa tuliifunga kwenye gari la kugawa mikate, na likagawa mikate miaka mingi.

Siku ya soko iliyofuata, Yeyo Namelok akaingia gereji. Alileta maziwa, akasema ni ya yule kijana anayepuliza mabomba. Fundi Pritam alikuwa ameshasimuliwa habari yake, akamvutia kiti chake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuona akimfanyia mteja yeyote. Uani palikuwa na lori lililochemsha maji kila likipanda kilima, na lilikuwa limetusumbua wiki nzima.

“Yeyo,” Fundi Pritam akasema, kwa heshima kabisa, “na hili unalionaje?”

Mama alisimama mbele ya lori. Akalizunguka. Akainama, akatazama chini, akasikiliza injini kwa muda mrefu. Sisi wote tuliacha kazi tukamngoja.

“Hili silijui,” akasema. “Mimi najua maziwa.” Akachukua kibuyu chake kilichokuwa kitupu, akatuaga, akaenda zake sokoni.

Fundi Pritam alibaki akiutazama mlango. Kisha akanigeukia.

“Umesikia alivyosema?”

“Nimesikia, Fundi. Hajui.”

“Miaka minne,” akasema, “nakungoja ulitamke neno hilo.”

Nikalitazama lile lori. Nilikuwa na majina ya magonjwa matatu kwenye ncha ya ulimi, na la kwanza lilikuwa tamu sana. Nikalimeza. Nikafuta mikono, nikasema, “Fundi, hili silijui.”

Akasogeza ndoo mbili, akazipindua ziwe viti mbele ya injini. Akakaa kwenye moja, akanionyesha ya pili.

“Haya,” akasema. “Sasa tunaweza kuanza kazi.”